Mama Ametoka

Kandambili zake zilikuwa pale mlangoni.

Nazijua. Za bluu, ya kushoto imelika kisigino, maana shoga yangu huyu tangu tukiwa shule hutembea akiegemea upande mmoja. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua la Tabata linachoma mpaka utosini, nami nimesimama na mfuko wa maembe. Ndani nikamsikia anacheka na simu. Kicheko chake nacho nakijua.

Nikapiga hodi. Mlango ukafunguka nusu. Binti wa kazi, labda miaka 17, kanga kiunoni, mikono ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yupo?"

"Mama ametoka."

Kule ndani kicheko kikakatika ghafla, kama redio iliyochomolewa. Tukatazamana mimi na yule binti. Sikuona ujeuri machoni mwake, wala hofu. Alinitazama kama mtu aliyetwishwa gunia, anasubiri kuona kama utampisha njia.

Nikampa maembe. "Basi, mwambie nilipita."

"Nitamwambia."

Jioni meseji ikaingia: "Shoga, nimeambiwa ulikuja! Maembe matamu hayo. Nilikuwa saluni." Nikamjibu usijali, siku nyingine. Nami nikawa nimeshadanganya kwa adabu.

Naomba nieleweke: sikumkasirikia. Kuna siku mtu hataki mtu. Umepaka mafuta ya nazi kichwani, umelala chali mbele ya feni, wiki nzima imekukalia shingoni, halafu hodi! Nani hajawahi kujibana chumbani mpaka hatua za mgeni ziishe barazani? Lile la shoga yangu lilinitoka kabla sijafika kituoni.

Ni yale macho. Wiki ya tano sasa.

## Sinia la mlangoni

Miaka ile nilipokuwa nasoma Uingereza, Jumapili nilikuwa najitolea kwenye nyumba moja ya zamani iliyogeuzwa makumbusho. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye ukumbi wa mbele nihakikishe watu hawashiki vitu. Wakubwa waliniuliza habari za picha na saa. Watoto waliuliza lile sinia dogo la fedha lililokaa juu ya meza karibu na mlango lilikuwa la nini.

Nilikuwa nawajibu: hapo ndipo watu walipoingia bila kuingia.

Enzi za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901, mwanamke mwenye uwezo hakutoka kutembelea watu bila kibweta cha kadi. Kadi ya bibi ilikuwa kubwa kidogo, ya bwana ndogo, ikae kwenye mfuko wa kizibao. Jina limechapwa, anwani chini pembeni, basi. Bibi akienda kwa bibi mwenzake aliyeolewa, aliacha kadi yake 1 na za mumewe 2: moja ya mwenye nyumba wa kike, moja ya wa kiume. Yake ni moja tu kwa sababu mwanamke hamtembelei mwanamume. Nilipoielewa hesabu hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu pale ukumbini. Mume yuko kazini, hana habari, na kadi zake zinazunguka mtaani zikijulia watu hali.

Kona ya kadi ikikunjwa, maana yake umeileta mwenyewe, hukumtuma mtu. Ukihama mji unaandika P.P.C., herufi za maneno ya Kifaransa ya kuaga. Ukifiwa, kadi yako ina ukingo mweusi, na ukingo unapungua upana kadiri msiba unavyozeeka. Mjane wa kule alitarajiwa kukaa na msiba kama miaka 2. Sisi eda ni miezi minne na siku kumi, na wapo wanaoiona ndefu.

Ukikaribishwa ndani, napo pana mambo yake. Ziara iliitwa ya asubuhi lakini ilifanywa alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na mbili. Isabella Beeton, ambaye kitabu chake cha uendeshaji wa nyumba kilitoka 1861 akiwa na miaka 25 tu, aliona dakika 15 hadi 20 zinatosha, na bibi asivue kofia wala shali. Mbwa wako pia mwache nyumbani. Wanaume waliingia mpaka sebuleni na kofia na fimbo mkononi, ishara kwamba hawakuja kukaa.

Robo saa! Jaribu hilo Tanga. Maji hayajafika, wewe umeshasimama. Mwenyeji hatalala, atajiuliza alikukosea nini.

## Neno la mlangoni

Sasa ndio nafika ninapotaka kufika.

Mgeni anabisha. Anayefungua ni mtumishi. Mgeni anauliza kama bibi yupo, mtumishi anajibu hayupo. Bibi yuko ghorofani, anaandika barua. Mgeni anajua kwamba huenda yuko ghorofani. Mtumishi anajua kwamba mgeni anajua. Kadi inawekwa kwenye sinia, gari la farasi linaondoka, na hakuna aliyekosewa heshima.

Vitabu vya adabu vya wakati huo vililitetea neno lile. Hayupo, walisema, maana yake hapokei wageni. Ni neno la mlangoni tu, hakuna aliyeapishwa.

Na ndani ya utaratibu ule mtu aliweza kusema mengi pasipo kufungua kinywa. Kadi ililipwa kwa kadi, ziara kwa ziara. Ukinitembelea mwenyewe nami nikakuletea kadi tu, nimeshakwambia urafiki wetu nauhamisha kutoka jikoni kwenda barazani. Kulikuwa na namna kali zaidi, ile sisi tunaita kumkaushia mtu: unamtazama usoni kabisa barabarani, halafu unapita kama umetazama mlingoti wa simu. Hiyo ilihesabiwa silaha ya mwisho. Hata salamu ya kawaida ilikuwa na mwenyewe: mwanamke ndiye aliyeanza kuinamisha kichwa, mwanamume akisubiri kuona kama leo anajulikana.

(Mtaniuliza, kwa hiyo nijibu kabisa: ile hadithi kwamba Waingereza wa Victoria walikuwa na haya kiasi cha kuivalisha miguu ya piano, iacheni. Kapteni Frederick Marryat, Mwingereza, aliiandika mwaka 1839 akisimulia safari yake ya Marekani. Waingereza walikuwa wanawacheka Wamarekani. Leo kicheko kimewageukia wao.)

Kwa wiki mbili nilijituliza hivyo. Shoga yangu hakunidanganya, alitumia neno la mlangoni. Mshamba ni mimi, niliyekwenda kwa mtu mchana wa Jumamosi bila kupiga simu.

Kisha nikamkumbuka Samuel Johnson, yule mtunga kamusi, aliyekufa 1784, Victoria hajazaliwa bado. Rafiki yake Boswell ameandika kwamba Johnson hakumruhusu mtumishi wake aseme bwana hayupo ilhali yupo. Alikubali kwamba mtu mwenye elimu atajua ni maneno ya desturi tu. Lakini watumishi, alisema, ni wachache wanaoweza kupambanua. Nikimzoeza mtu kusema uongo kwa ajili yangu, kwa nini nisitegemee atasema mwingi kwa ajili yake?

Nilipoisoma zamani niliipenda hoja hiyo. Safari hii ilinichoma.

Yule binti wa Tabata alipambanua vizuri sana. Alijua mama yuko chumbani. Alijua mimi nimesikia kicheko. Alijua kandambili ziko chini ya miguu yangu. Johnson aliogopa uongo utamharibu mtumishi, kisha siku moja umrudie bwana mwenyewe. Kwamba mtumishi naye ana uso, na kwamba uso huo ndio unaosimama mlangoni, hilo halikumpitia.

## Niliwahi kuwa mlango

Nilikuwa na miaka 7, Ngamiani, Tanga. Mama alikuwa kwenye upatu na mwezi ule mambo hayakwenda. Kijumbe, yule anayekusanya michango ya upatu, akaja. Mama akanivuta nyuma ya pazia: kamwambie sipo.

Mnaijua hii. Kila familia inayo, tunaisimulia kwenye harusi. Nami nilitoka barazani nikasema kama nilivyotumwa: "Mama kasema hayupo."

Kijumbe alicheka, akanishika kichwa, akaenda zake. Mama akanifinya paja mpaka nikaona nyota. Kilichonikaa ni kile kifinyo. Sikufinywa kwa kusema uongo. Nilifinywa kwa kuusema vibaya.

Ndiyo mafunzo yote hayo. Mtumishi wa nyumba kubwa ya London naye alifunzwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye alilipwa, na akiusema vibaya alipoteza kazi. Na kupoteza kazi hakukuwa jambo la kurudi kijijini ukapumzike. Kila mtumishi alihitaji barua ya tabia kutoka kwa bwana aliyetangulia, na sheria haikumlazimisha bwana yule kuiandika. Huna barua, hakuna mlango utakaokufungukia. Hebu fikiri: mwaminifu kwenye barua, mwongo mlangoni, na anayeandika la kwanza ndiye anayeagiza la pili.

## Hodi mara tatu

Bibi yangu hakuwa na habari za Waingereza na kadi zao, lakini mlango aliujua. Usisimame ukiukabili mlango, simama pembeni, macho yasitangulie miguu. Piga hodi mara tatu. Ukikosa jibu, geuka.

Na alipenda kutukumbusha ile aya ya Surat An-Nur: mkiambiwa rudini, rudini, hivyo ni usafi zaidi kwenu.

Nilikua nikiamini aya hiyo inamfunda mgeni. Mwezi huu ndipo nilipoona inampa mwenyeji haki. Mwenyeji yupo. Hajasafiri, hayuko saluni. Yupo, na anaweza kusema rudini, na mgeni hana ruhusa ya kuvimba. Uongo hautakiwi popote hapo. Waingereza walitunga neno la kuficha, sisi tulikuwa na neno la wazi tangu zamani, na tumeliacha juu ya rafu pamoja na msahafu wenyewe.

Maana nani analitumia? Mwambie shangazi yako "rudi" uone kama ukoo hautaitwa kikao. Tumelelewa na mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukarimu umetubana mpaka hatuna njia ya kusema leo sijisikii, basi tunamtuma mtoto.

Nilidhani nimemaliza. Nikaanza hata kuandika makala hii, nikiwa na mwisho wake mkononi: tuseme kweli, tuseme rudini.

Halafu nikajiuliza atakayeisema ni nani.

Ni yule yule. Binti wa miaka 17 amwambie mwanamke wa rika la mama yake, "Mama anasema urudi." Hilo haliwezekani. Kinywa chake hakitafunguka, na kikifunguka mimi ndiye nitakayemwona hana adabu, hata nikijua fika katumwa. Kweli ya mama mwenye nyumba ingemlemea zaidi kuliko uongo wake.

Nikafunga kompyuta. Nilikaa siku tisa sijaandika.

## London, 1875

Kilichonirudisha ni mlango mwingine, na huu una watu wetu.

Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Unguja 1844, aliondoka 1866, akabatizwa Aden mwaka uliofuata na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mume akafa 1870 kwa ajali ya tramu. Mnaijua habari yake, sitairudia yote. Ninachotaka ni majira ya joto ya 1875, kaka yake, Sultan Barghash, alipokwenda London kupokewa kwa heshima zote.

Huyu Barghash alikuwa na deni kwake. Mwaka 1859, alipojaribu kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani wakati huo, Salme, msichana wa miaka 15 aliyejifunza kuandika mwenyewe, ndiye aliyekuwa karani wake. Uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, Salme akabaki na chuki ya nusu ya ndugu zake. Sasa ni mjane mwenye watoto watatu, ugenini, mali imekatika. Akajifunza Kiingereza haraka haraka, akasafiri mpaka London akitaka kitu kimoja: kaka amwone.

Aliyekuja mlangoni ni Sir Bartle Frere.

Huyu ndiye aliyetumwa Unguja 1873 kumshinikiza Barghash kuhusu biashara ya watumwa. Mtu mkubwa, mwenye maneno. Na kwa jinsi Salme alivyosimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886, Frere hakumwambia Sultan hayupo, wala hakumwambia rudi. Alimpa kuchagua. Lipi lina uzito kwako, kupatana na kaka yako au mustakabali wa watoto wako? Ukiacha kumtafuta, serikali ya Uingereza itasaidia malezi yao.

Mama yeyote anajua angejibu nini. Salme akakubali kukaa mbali. Barghash akamaliza ziara yake, akaondoka. Kisha jibu likaja: bibi, wewe ni raia wa Ujerumani, Uingereza haihusiki.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara nashangaa jinsi ilivyo safi. Hakuna sauti iliyopandishwa. Nina hakika alipewa mkono, akavutiwa kiti, akaitwa bibi. Hiyo ndiyo adabu ya juu kabisa ya mlangoni, ile inayomfanya mgeni aamini amerudi kwa hiari yake.

(Miaka 10 baadaye, 1885, alifika Unguja ndani ya meli ya Wajerumani. Safari hiyo pia Barghash hakumpokea.)

Frere alikuwa anatumika, kama yule binti. Alibeba "hapana" ya watu wengine mpaka mlangoni. Lakini yeye aliivaa kama koti, akaondoka nalo limekaa vizuri mabegani, na mwaka uliofuata akapewa cheo kingine. Sabuni haikuwa mikononi mwake. Nilipofika hapo nikaelewa kwamba kwa wiki zote hizo nilikuwa napima neno, hayupo au rudini, lipi la kweli, lipi la adabu, wakati nilichokiona Tabata hakikuwa neno.

## John, James na Mary

Mwisho wa karne ile zaidi ya wanawake milioni 1 wa Uingereza walikuwa watumishi wa majumbani. Ndiyo ilikuwa ajira kubwa kuliko zote kwa wanawake. Adabu yote ile ya kadi na sinia ilisimama juu ya migongo yao, na kanuni ya kwanza kwao ilikuwa kutoonekana. Ngazi zao za nyuma, mlango wao wa nyuma. Pale Uppark, Sussex, ambako Sarah Wells, mama yake mwandishi H. G. Wells, alikuwa msimamizi wa nyumba kuanzia 1880 hadi 1893, jiko liliunganishwa na nyumba kubwa kwa njia za chini ya ardhi. Chakula kinatokea mezani kama kimeota.

Wale waliotakiwa kuonekana, vijana wa kufungua mlango na kuhudumu mezani, walichaguliwa kwa urefu. Mrefu alilipwa zaidi.

Na majina. Nyumba nyingi zilimwita kijana wa mlangoni John au James, hata kama mama yake alimwita vingine. Akiondoka, anayekuja naye ni John. Msichana wa kazi anaitwa Mary. Jina lake likiwa la fahari mno, au likigongana na la binti wa nyumba, analiacha getini kama mwavuli.

Nikajaribu kukumbuka majina ya wasichana waliofanya kazi kwetu nikiwa mdogo. Walikuwa wengi, labda sita. Nilipata mawili. Wengine wote ni dada. Dada wa mwaka ule wa mvua, dada aliyevunja chupa ya chai. Tunasema dada ni neno la heshima, na ni kweli, ni tamu kuliko John. Lakini dada akiondoka, anayekuja naye ni dada.

Kabla sijajipa raha ya kuwasema Waingereza tu, nilifungua utenzi wa Mwana Kupona. Aliutunga 1858, akiwa mgonjwa, amfunde bintiye. Miaka 3 kabla ya kitabu cha Bi Beeton! Nakumbuka tulivyousoma shuleni, mwalimu akasisitiza mume, udi na marashi. Hakusisitiza ubeti ule ambapo mama anamwambia binti asichanganyike na watumwa isipokuwa saa za kazi. Pwani ile ile ya baraza na hodi. Ngazi za nyuma tulikuwa nazo, hatukuzijenga kwa matofali.

Mtu pekee niliyemwona akikaa pande zote mbili za mlango ni Hannah Cullwick. Alizaliwa Shropshire 1833, akaanza utumishi akiwa mtoto, na kwa miaka mingi aliandika shajara ya kazi zake: masizi aliyofagia, viatu alivyong'arisha, ngazi alizosugua kwa magoti. Mwaka 1854 alikutana na Arthur Munby, bwana msomi. Wakaoana 1873, kwa siri. Na Hannah alikubali ndoa akakataa ubibi. Akaendelea kuishi kwa mumewe London akiwa mtumishi wake, wageni wakija wakimwona kijakazi. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapomfikiria. Unauliza kama mwenye nyumba yupo, na aliyesimama mbele yako na aproni ndiye mke wa nyumba, naye hasemi.

Watu wameandika mengi kuhusu wawili hao, mengine yanatisha kidogo. Mimi sina la kuongeza. Najua tu kwamba alikuwa ameuona ubibi kwa karibu, kofia, glovu, kukaa ukingoja kuhudumiwa, na hakuutaka.

## Jumamosi nyingine

Nimerudi Tabata juzi. Sikupiga simu, makusudi. Kama ni ushamba, basi.

Kandambili hazikuwepo mlangoni, jambo ambalo halikunisaidia kitu: huenda ametoka kweli, huenda wamejifunza kuziingiza ndani. Nikasimama pembeni kama bibi alivyonifunda. Hodi moja. Hodi mbili.

Akafungua yule yule. Mara hii mikono mikavu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Siku ile sikukuuliza, jina lako nani?"

Akanitajia. Jina zuri, la kwao, sitaliandika hapa. Kisha akapunguza sauti, akatazama nyuma. "Ila humu ndani wananiita Mariamu. Jina langu ni la mtoto wa mama, wakiita tunaitika wote."

Nilitaka kusema kitu kuhusu hilo. Nilikuwa na karne nzima ya kusema. Badala yake nikampa mfuko, safari hii mapera, nikamwambia mengine ni yake, atoe kabla hajafikisha jikoni. Akacheka kwa mara ya kwanza.

"Mama yupo?"

Akaniangalia. Akaangalia korido. Akaniangalia tena.

"Subiri," akasema, "nikamuulize kama yupo."